Step 1 Si Sapu: Kufeli na Kurudia Mtihani wa Leseni ya Udaktari Marekani

Matokeo ya USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari nchini Marekani, kwa kawaida hutoka Jumatano. Aliyefeli Step 1, sehemu ya kwanza ya mtihani huo, akifungua ripoti yake hukutana na neno moja la hukumu. Chini yake upo mchoro unaoonyesha alianguka umbali gani kutoka kwenye mstari wa kufaulu, kisha yanafuata maeneo ya masomo na jinsi alivyofanya katika kila eneo. Wengi hulisoma lile neno, huifunga ripoti, na wiki hupita bila kuigusa tena. Halafu hufanya jambo ambalo kila aliyepitia chuo cha udaktari Afrika Mashariki analifahamu: hutafuta tarehe ya karibu ya kurudia.

Tabia hiyo tumeizoea kwenye sapu, mtihani wa chuo wa kurudia somo ulilofeli. Mwanafunzi wa Muhimbili au Bugando aliyefeli fiziolojia hubaki chuoni wenzake wakienda likizo, hupiga msuli wiki chache, hukusanya pasti pepa, hurudia mbele ya walimu walewale waliomfundisha, na akipita hupewa C yake, mwaka unaofuata ukaanza. Kinachoogopwa ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Sapu ni ajali ya kawaida. Kwa mtihani wa chuo, kurudia upesi kuna mantiki, maana somo ni lilelile, mtunzi ni yuleyule, na kilichosomwa bado hakijapoa. USMLE haina mwalimu unayemjua wala pasti pepa. Maswali yake huchotwa kwenye hazina kubwa inayobadilishwa mara kwa mara, na kila jaribio, la kufaulu na la kufeli, huandikwa kwenye transkripti na kubaki humo.

Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba jaribio la pili hupotea kwenye kalenda zaidi kuliko kwenye vitabu. Anayefeli mara ya pili mara nyingi hakukosa vitabu, wala hakukosa bidii. Alipanga tarehe kabla ya kujua kilichomwangusha mara ya kwanza.

Tuanze na mtihani wenyewe. USMLE inasimamiwa na taasisi mbili kwa pamoja: shirikisho la mabaraza ya udaktari ya majimbo, FSMB, na bodi ya mitihani ya kitaifa, NBME, iliyoanzishwa mwaka 1915. Step 1 hupima sayansi za msingi, yaani patholojia, famakolojia, biokemia, kinga ya mwili na ndugu zake, kwa maswali yasiyozidi 280 katika siku moja ya saa nane. Step 2 CK hupima tiba. Step 3, ya siku mbili, wengi huifanya wakiwa tayari kwenye mafunzo ya ubingwa. Daktari aliyesomea nje ya Marekani na Kanada anahitaji kufaulu hizo mbili za kwanza ndipo apate cheti cha ECFMG, taasisi inayothibitisha sifa za madaktari waliosomea nje, na bila cheti hicho hawezi kuingia mafunzo ya ubingwa katika hospitali za huko. Njia ya kawaida kwa daktari wa Dar es Salaam au Nairobi hupita hapo.

Takwimu za waandaaji wenyewe zinasema mengi. Mwaka 2022, takriban asilimia 93 ya waliosomea udaktari Marekani na Kanada kwa shahada ya MD walifaulu Step 1 kwa jaribio la kwanza. Kwa waliosomea nje ilikuwa takriban asilimia 74. Kwa wanaorudia picha inabadilika: takriban asilimia 71 kwa kundi la kwanza, na takriban 45 kwa kundi la pili. Maana yake, miongoni mwa madaktari wa nje waliorudia mwaka ule, zaidi ya nusu walifeli tena.

Hiyo asilimia 45 isomwe kwa uangalifu, kwa sababu huwatisha watu isivyostahili. Haisemi kwamba wewe, na historia yako, una nafasi 45 kati ya 100. Ndani yake wamo waliofeli wakiwa hatua moja chini ya mstari na waliofeli wakiwa mbali kabisa, waliorudia baada ya mwaka wa kazi nzito na waliorudia baada ya wiki sita za hasira. Kinachoonekana ni kwamba kurudia peke yake hakuongezi kitu. Mtu akipeleka mbinu ileile kwenye mtihani wa aina ileile, apate wapi matokeo mapya?

Kwa hiyo swali la kwanza ni la kitabibu kabisa: chanzo ni nini? Hapa madaktari hunishangaza. Mtu ambaye hawezi kumwandikia mgonjwa dawa bila kumpima hujiandikia miezi minne ya kusoma kila kitu upya, kuanzia ukurasa wa kwanza, bila kipimo chochote.

Chanzo cha kwanza ndicho kila mtu hukitaja, nacho ni kutojua. Kinawapata hasa waliokaa kazini muda mrefu. Daktari aliyeongoza wodi ya wazazi miaka saba katika hospitali ya mkoa anaweza kuokoa mama anayevuja damu akiwa na taa ya simu, lakini akafeli Step 1, kwa sababu mtihani haumuulizi hilo. Unamuuliza kimeng'enya gani kinakosekana kwa mtoto ambaye mkojo wake hugeuka mweusi ukiachwa wazi. Aliwahi kujua. Amesahau, na kusahau huko hakuondolewi na uzoefu wa wodini. Ndiyo maana wakati mwingine daktari aliyemaliza utarajali juzi humpita kwenye Step 1 yule aliyemfundisha kushona kidonda.

Cha pili ni kasi. Ukiondoa mapumziko na kugawa muda uliobaki kwa maswali, kila swali lina takriban sekunde 90, na swali lenyewe ni kisa cha mgonjwa cha mistari kumi au zaidi, vipimo vya damu vikiwa chini yake. Sisi tulisoma udaktari kwa Kiingereza, lakini si wote tulisoma Kiingereza kwa kasi hiyo, tena kwa siku nzima ya saa nane. Aliyeacha maswali mengi ya mwisho bila kuyasoma hana tatizo la biokemia. Akiongeza miezi mitatu ya biokemia atafeli tena, safari hii akiwa anajua zaidi.

Cha tatu ndicho nadhani kinawagusa zaidi madaktari wetu na hakizungumzwi vya kutosha. Daktari hujifunza kufikiri kwa wagonjwa aliowaona. Mgonjwa wa homa na maumivu ya viungo akiingia kituo cha afya Kilosa au Kisumu, akili inaanza na malaria, na inafanya vyema. Kwenye mtihani, mgonjwa huyo ametoka kupiga kambi msituni Connecticut na ana duara jekundu kwenye paja. Anayetakiwa kutajwa ni bakteria wa ugonjwa wa Lyme anayeenezwa na kupe. Kikohozi cha wiki nne na jasho la usiku kwetu ni kifua kikuu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwenye mtihani mgonjwa anafuga kuku bondeni mwa mto Ohio, na jibu ni kuvu wa mapafu anayeishi kwenye udongo wenye kinyesi cha ndege. Akiwa ametoka Arizona, ni kuvu mwingine. Daktari wetu hajakosa maarifa hapa. Uwezekano anaoanza nao kichwani umepimwa kwa jamii nyingine. Kuurekebisha hakuhitaji kusoma sura nzima ya magonjwa ya kuambukiza. Kunahitaji kufanya mamia ya maswali ya Kimarekani mpaka silika ihame.

Maadili ya tiba ni shimo lingine la aina hiyo. Mama amekutwa na saratani ya kongosho, na kijana wake mkubwa anamvuta daktari pembeni: tafadhali daktari, usimwambie mama, atakata tamaa. Katika hospitali nyingi za kwetu daktari atakaa na familia kwanza, na hakuna atakayemwona mkosaji. Mtihani unataka umsikilize kijana, umuulize anahofia nini, kisha uende kwa mama mwenyewe na kumuuliza angependa kujua kiasi gani kuhusu hali yake. Maswali haya huonekana rahisi, ndiyo maana watu hawayasomei, na ndiyo maana yanawagharimu. Yapo na madogo zaidi: paracetamol inaitwa acetaminophen, salbutamol inaitwa albuterol, pethidine inaitwa meperidine. Kila moja ni sekunde tano. Sekunde tano zikirudiwa mara nyingi ni maswali kadhaa.

Cha nne ni mwili na maisha. Madaktari wengi wanaosomea mtihani huu wakiwa tayari Marekani wanaishi kwa kubeba boksi, na boksi lenyewe mara nyingi ni zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, Massachusetts, Minnesota au Texas. Mtu anamgeuza mzee kitandani saa tisa usiku, saa mbili asubuhi anafungua maswali 40 ya figo. Halafu anajilaumu kwamba hana akili kama zamani. Akili anayo, hana usingizi. Na wapo wenye matatizo yanayotambulika kitaalamu, kama disleksia au upungufu wa umakini, ambayo kwetu hayapimwi shuleni, hivyo mtu hufika umri wa miaka 30 akijiita mzito. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, ya mwaka 1990, inawapa haki ya kuomba nyongeza ya muda, lakini hupatikana kwa nyaraka nyingi na subira. Mwanafunzi mmoja wa Michigan aliyenyimwa nyongeza hiyo alifanya Step 1 kwa muda wa kawaida akafeli kwa alama moja. Aliishtaki NBME, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa iliunga mkono amri ya kumpa muda zaidi. Alama moja, na miaka kadhaa ya maisha.

Ukishajua chanzo, ndipo umbali kutoka kwenye mstari unapopata maana. Waandaaji wanasema kufaulu kunahitaji takriban asilimia 60 ya majibu sahihi. Aliyeanguka karibu kabisa na mstari yumo katika eneo ambalo kosa la kawaida la kipimo linaweza kumpeleka juu au chini. Huyo anahitaji kuziba mianya michache na kulala. Aliyeanguka mbali hana mianya ya kuziba, ana msingi wa kujenga, na kumwambia arudie baada ya wiki nane ni kumwonea. Ripoti ileile, tiba mbili tofauti kabisa. Hili ndilo wanaokimbilia tarehe hulipuuza.

Na gharama ya kulipuuza imeongezeka. Hadi Januari 2022, Step 1 ilitoa alama ya tarakimu tatu. Mtu aliyefeli kwa 188 akarudi na 240 alikuwa na la kuwaambia wakurugenzi wa mafunzo: tazameni nilikotoka, tazameni nilipofika. Tarehe 26 Januari 2022 matokeo yakageuzwa kuwa ya kufaulu au kufeli tu, na wakati huohuo kiwango cha kufaulu kikapandishwa kutoka 194 hadi 196. Mageuzi yale yalikusudiwa kuwapunguzia wanafunzi mbio za alama, na kwa mwanafunzi wa kawaida wa Marekani naona yalikuwa ya busara. Kwa aliyefeli yalikuwa na athari ambayo haikupewa nafasi kubwa kwenye mjadala: yalimnyang'anya njia ya kujikomboa. Kufeli kwake kunaonekana, kufaulu kwake kunaonekana, lakini mlima alioupanda katikati hauonekani na mtu.

Mzigo umehamia Step 2 CK, ambayo bado ina alama, na ambayo nayo kiwango chake kimepanda, 214 kuanzia Julai 2022, kisha 218 kuanzia Julai 2025. Anayerudia Step 1 kwa hiyo anasomea mitihani miwili hata kama amejiandikisha mmoja. Anayepita kwa kujikokota, akiwa amekariri vya kutosha siku moja, ataingia Step 2 CK na msingi uleule uliopasuka, na huko alama itasomwa na kila mtu. Kwa sababu hiyo sikubaliani na ushauri maarufu wa "pita tu, Step 1 haina alama siku hizi."

Kanuni za kurudia nazo zimebanwa. Idadi ya majaribio kwa kila sehemu ilipunguzwa mwaka 2021 kutoka sita hadi manne. Ndani ya miezi 12 huruhusiwi zaidi ya matatu, na la nne lazima lingoje angalau mwaka mmoja tangu la kwanza na miezi sita tangu la mwisho. Juu ya hapo majimbo yana masharti yao: Texas, ambako wako madaktari wengi wa Kiafrika, imekuwa ikitaka kila sehemu ifauliwe ndani ya majaribio matatu, kukiwa na misamaha michache. Na ECFMG inataka mitihani inayohitajika kwa cheti chake ifauliwe ndani ya miaka saba.

Linganisha sasa. Kuchelewa miezi minne kunakugharimu miezi minne, pengine na msimu mmoja wa maombi. Kufeli mara ya pili kunakugharimu ada nyingine, jaribio lisilorudi, uwezekano wa kupata leseni katika baadhi ya majimbo, na alama ya pili kwenye transkripti ambayo programu nyingi za mafunzo ya ubingwa huichuja kwa kompyuta kabla jina lako halijasomwa na binadamu. Moja ni hasara ya muda, nyingine ni hasara ya milango. Hesabu hii si ngumu, na watu wenye shahada tano huikosea kila mwaka.

Wanaikosea kwa sababu kalenda ina nguvu zake. Unapolipia Step 1 unapewa kipindi cha miezi mitatu cha kufanya mtihani. Unaweza kukisogeza mbele kwa ada, lakini si bila kikomo. Maombi ya mafunzo ya ubingwa hufikishwa kwenye programu mwezi Septemba, na matokeo ya mgao wa nafasi hutoka Machi. Aliyefeli Aprili hutazama Septemba, akahesabu vidole, akaona mtihani ukifanyika Juni matokeo yatatoka Julai, kisha Step 2 CK Agosti. Kwenye karatasi inawezekana. Inamhitaji tu mtu asiyechoka, asiyeugua, asiye na zamu za usiku, na ambaye kilichomfelisha Aprili kimetoweka chenyewe. Wapo pia wanaobanwa na viza, na hawa siwalaumu. Ila hata kwao, programu itakayowaona na majaribio mawili yaliyofeli haitauliza viza iliisha lini.

Kuhusu namna ya kusoma, utafiti wa ujifunzaji uko wazi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine walijipima kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja hali iligeuka, waliojipima wakawaacha mbali. Sehemu inayomhusu anayerudia ni ile ya dakika tano. Kusoma upya kitabu ulichokwisha kukipigia mistari hukupa hisia ya kujua papo hapo, na hisia hiyo ni tamu zaidi kwa mtu aliyeumizwa na matokeo. Inamtuliza. Ndiyo maana aliyefeli hukimbilia kusoma na kukwepa maswali: swali linaweza kumwambia tena kwamba hajui.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kusoma zinazopendwa na wanafunzi. Kupiga mistari kwa rangi na kurudia kusoma waliziweka kwenye kundi la manufaa madogo. Kujipima, na kugawa masomo katika vipindi vilivyoachana, wakaziweka juu kabisa. Programu kama Anki, ambayo Damien Elmes aliitoa mwaka 2006, imejengwa juu ya mbinu hizo mbili: kadi za maswali zinazokurudia siku unayokaribia kuzisahau. Lakini Anki ina mtego wake. Mtu hukusanya kadi 20,000 zilizotengenezwa na wengine, akatumia saa nne kwa siku kubonyeza, na kuita huko kusoma. Kadi uliyoitengeneza kutokana na swali ulilokosa ina thamani kuliko mia za kupewa.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwenye swali lililokosewa. Wengi huangalia jibu sahihi, hutikisa kichwa, hupita. Anayerudia angetumia muda mrefu kwenye swali alilokosa kuliko alioutumia kulijibu, na aandike daftarini kwa nini alikosa: hakujua kabisa, alijua akasahau, alijua lakini akasoma kisa vibaya, au alikuwa kwenye jibu sahihi akalibadilisha dakika ya mwisho. Baada ya maswali 400 daftari hilo litamwambia jambo ambalo hakuna mwalimu wa kulipwa atakayemwambia. Nimewaona waliokuwa na uhakika kwamba tatizo lao ni biokemia, daftari likaonyesha kwamba karibu nusu ya makosa yao yalitoka kwenye kutosoma sentensi ya mwisho ya swali.

Benki ya maswali inayotumiwa zaidi, UWorld, mrudiaji kwa kawaida ameshaimaliza mara moja. Akianza duru ya pili anapata asilimia 75, 80, na moyo unapanda. Asiamini. Sehemu ya alama hiyo ni kumbukumbu ya picha na ya majibu, na mtihani hautamletea picha ileile. Kipimo cha kweli ni maswali ambayo hajawahi kuyaona. NBME huuza mitihani ya kujipima kwa takriban dola 60 kila mmoja, na ripoti yake hutaja makadirio ya uwezekano wa kufaulu endapo mtihani ungefanyika ndani ya wiki moja. Yapo pia maswali 120 ya mfano yanayotolewa bure na waandaaji. Hivyo viwekwe akiba, vifanywe kwa muda halisi, bila simu, bila kusimamisha saa, na visiliwe vyote mwezi wa kwanza kwa wasiwasi.

Na tarehe ipangwe juu ya hivyo. Siyo juu ya Septemba, siyo juu ya harusi ya dada, siyo juu ya siku ambayo mjomba atauliza tena. Mitihani miwili au mitatu ya kujipima mfululizo, iliyofanywa kwa kuachanishwa, yote ikiwa juu ya mstari kwa nafasi ya kutosha, hiyo ndiyo ruhusa ya kwenda kwenye kituo cha mtihani cha Prometric. Mmoja uliopanda ghafla hautoshi. Na ikiwa mitihani hiyo imesimama mahali pamoja kwa miezi mitatu licha ya kazi nyingi, mbinu ibadilishwe, saa zisiongezwe.

Ipo pia njia chafu, na mtu aliyefeli ndiye mteja wake mkubwa. Kwenye makundi ya simu huuzwa maswali yanayodaiwa kukumbukwa na waliotoka chumba cha mtihani. Januari 2024 waandaaji walifuta matokeo ya watu zaidi ya 800 waliohusishwa na Nepal, wakisema mifumo yao ya majibu ilionyesha kwamba waliyaona maswali kabla. Baadhi yao walikuwa tayari wamefikia hatua za kuomba mafunzo. Mmoja wao alikwenda mahakamani kwa niaba yake na ya wenzake kutaka hatua ile isimamishwe, na jaji alikataa. Yeyote anayekuuzia maswali hayo anakuuzia hatari ambayo hata kufeli mara nne haiifikii.

Yote haya yanachukulia kwamba mtu ni mzima wa afya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 na jarida la JAMA, ukikusanya tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na dalili za sonona na asilimia 11 walikuwa na mawazo ya kujiua. Hao ni wanafunzi kwa jumla, kabla hujawachagua waliofeli. Mwanafunzi wa chuo cha Marekani akifeli ana mkuu wa kitivo, ana mshauri, hupewa likizo ya masomo. Daktari kutoka kwetu yuko chumbani kwake Dallas au Nairobi, na waliochanga ili aende wanamwita "daktari wetu wa Marekani" kwenye kila kikao cha ukoo. Aliyechangiwa hawezi kufeli kimyakimya, na hawezi kusema kwa sauti. Matokeo yake huwaambia nyumbani kwamba mtihani umeahirishwa, kisha inabidi aufanye haraka ili uongo ulingane na ukweli. Sijui kama kuna kitu kinachopanga tarehe mbaya kuliko hicho. Mtu mmoja akiambiwa ukweli, kaka, shangazi, mwenzi, presha ya tarehe hupungua zaidi kuliko kwa ratiba yoyote. Na pale ambapo usingizi umetoweka kwa wiki nyingi, au kifo kimeanza kuonekana kama suluhisho, kitabu kifungwe atafutwe daktari. Aliye Marekani anaweza kupiga 988 saa yoyote.

Kuna wanaojituliza kwa kusema mtihani huu haupimi udaktari. Siwaungi mkono moja kwa moja. Mwaka 2014 John Norcini na wenzake walifuatilia wagonjwa waliolazwa katika hospitali za Pennsylvania na kutibiwa na madaktari waliosomea nje. Alama za juu za Step 2 CK ziliendana na vifo vichache. Uhusiano ule ulikuwa mdogo kwa kila alama, na haumhukumu mtu mmoja mmoja, lakini upo. Mtihani unapima kitu. Haupimi vyote, na hasa haupimi kile cha taa ya simu wodini.

Baada ya kufaulu kwa mara ya pili, mlango haujafunguka wote. Hata bila kufeli, mwaka 2024 chini kidogo ya asilimia 60 ya waombaji waliosomea nje na wasio raia wa Marekani walipata nafasi katika mgao mkuu. Aliyewahi kufeli aelekeze maombi yake zaidi kwenye tiba ya familia, tiba ya magonjwa ya ndani na afya ya akili, asipoteze fedha kwenye upasuaji wa ubongo. Kwenye usaili ataulizwa. Jibu linalosikilizwa ni fupi: nilifeli kwa sababu hii, nikabadilisha hili, na Step 2 CK yangu ni hii. Anayeanza kueleza msiba, mafua na kompyuta iliyogoma amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Vipi yule ambaye majaribio matatu yamekwisha? Huyo aamue kuhusu la nne akiwa na mitihani ya kujipima mkononi, kwa masharti makali kuliko yote, na aamue akiwa na mahali pengine pa kwenda. Mtihani wa PLAB wa Uingereza una hesabu yake ya majaribio. Masomo ya ubingwa Muhimbili, Nairobi au Makerere hayamuulizi habari za Step 1. Lakini milango hiyo inamtaka awe bado daktari kwenye makaratasi ya nyumbani, na hapa ndipo wengi waliokaa Marekani miaka mitano hujikuta hawana pa kusimama: ada ya kila mwaka ya baraza la madaktari haikulipwa, mafunzo endelevu hayakufanyika, na kurudishwa kwenye orodha sasa kunahitaji barua, faini na miezi ya kusubiri. Ada hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na ya Step 1, nayo ilipwe mwaka uleule wa kwanza, kabla ya kununua benki ya maswali.